Malengo ya Shahada ya Biashara Husomwa Kuanzia Mwisho

Swali: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amechaguliwa na vyuo vitatu, vyote kwa shahada ya kwanza ya biashara. Nimesoma vitabu vya mwongozo vya vyuo vyote vitatu na kila kimoja kina ukurasa wa "malengo ya kujifunza". Yanafanana utadhani yameandikwa na mtu mmoja: fikra tunduizi, mawasiliano, maadili, kufanya kazi na wenzake, mtazamo wa kimataifa. Je, yana maana yoyote au ni mapambo tu? Na kama yana maana, nitajuaje chuo kipi kinayafuata kweli? La pili: binti ni mzuri wa hesabu lakini hapendi kuzungumza mbele za watu. Nimwache asome biashara ya jumla, au nimsukume kwenye uhasibu?

Jibu: Marahaba, mzazi mwenzangu. Umeona sawasawa, yanafanana, na hata ukiongeza vyuo vingine kumi kwenye orodha yako yatazidi kufanana. Nimekaa kwenye kamati za mitaala ya biashara kwa muda wa kutosha kujua jinsi yanavyoandikwa. Walimu wanaketi mezani, mmoja kashika viwango vya chombo cha ithibati, yaani kinachokagua na kuthibitisha ubora wa programu za masomo, mwingine kashika malengo ya chuo jirani, mkuu wa idara anatazama saa. Ikifika mchana "fikra tunduizi" imeshapitishwa, na hakuna aliyeuliza itaonekanaje kwenye karatasi ya mwanafunzi.

Hata hivyo usiyatupe. Jibu langu la kifupi ni kwamba lengo lina maana pale ambapo chuo kinaweza kukuonyesha vitu vitatu: kazi ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuifanya ili kulifikia, vigezo vilivyotumika kuisahihisha kazi hiyo, na jambo ambalo walimu walilibadilisha baada ya kuyaona matokeo. Kwa hiyo usianzie kwenye ukurasa wa malengo. Anzia kwenye kazi za mwaka wa mwisho, halafu rudi nyuma.

Nikueleze kwanza yametoka wapi, maana ndipo utaelewa kwa nini yanafanana.

Shule ya kwanza ya biashara ndani ya chuo kikuu nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1881 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwa dola 100,000 alizotoa Joseph Wharton, mwenye viwanda vya chuma na nikeli. Mzee huyu hakutoa fedha akanyamaza. Aliandika pia mambo aliyotaka vijana wafundishwe: uhasibu, sheria za biashara, fedha, kodi, na hata ubaya wa kutajirika kwa kumpokonya mwenzako badala ya kumpa huduma yenye thamani. Yaani hayo "maadili" unayoyaona kwenye vitabu vyako vitatu yamo kwenye fani hii tangu ilipoanza.

Baadaye fani ikavimba kuliko ubora wake. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili nzito, moja ya Robert Gordon na James Howell iliyogharimiwa na Wakfu wa Ford, nyingine ya Frank Pierson iliyogharimiwa na Carnegie Corporation. Zote zililia kilio kimoja: shule za biashara zinafundisha mambo membamba ya ofisini, zinapokea wanafunzi dhaifu, na zimeipa kisogo misingi ya hesabu, takwimu, uchumi na elimu ya tabia za watu. Mitaala mingi ikafumuliwa. Binti yako akipangiwa takwimu na uchumi mwaka wa kwanza kabla hajagusa masoko, na akalalamika, mwambie chanzo kimojawapo ni ripoti hizo.

Lakini mpaka hapo watu walikuwa wanabishania kinachofundishwa. Suala la kilichojifunzwa lilichelewa sana. AACSB, chombo cha ithibati cha shule za biashara kilichoundwa Marekani mwaka 1916 na ambacho leo kinatoa ithibati katika mabara yote yenye vyuo, kilibadilisha viwango vyake mwaka 2003. Tangu hapo shule inayotaka ithibati yake hutakiwa kuyataja malengo ya kujifunza ya kila programu na kuleta ushahidi kwamba wanafunzi wanayafikia. Ushahidi wenyewe hautoshi ukitoka kwenye dodoso la "je, umeridhika na kozi?" tu, lazima utoke pia kwenye kazi za wanafunzi. Ulaya nako, mchakato wa Bologna ulioanza mwaka 1999 ulizifikisha nchi mahali pa kueleza shahada kwa kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya. Huko shahada ya kwanza huwa na krediti 180 hadi 240, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Piga hesabu mwenyewe: hata ile iliyo fupi kabisa ni saa 4,500. Saa 4,500 za maisha ya mtu si mchezo, na ni haki yako kuuliza zinakwenda wapi.

Basi malengo yanafanana kwa sababu yamezaliwa na viwango vinavyofanana. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kilichopo chini yake.

Mwaka 2011 wanasosholojia wawili wa Marekani, Richard Arum na Josipa Roksa, walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia zaidi ya wanafunzi 2,300 wa vyuo mbalimbali, wakipima kama wanaendelea katika kufikiri kwa kina, kujenga hoja na kuandika. Wanafunzi wa biashara walikuwa miongoni mwa walioendelea kidogo zaidi. Walimu wengi wa biashara walichukia, na wana hoja: kipimo kile hakikugusa maarifa ya fani yenyewe, na mtu anaweza kuwa mhasibu hodari bila kung'ara kwenye mtihani wa insha. Hata hivyo, kwenye utafiti uleule kuna jambo ambalo mzazi anaweza kulitumia moja kwa moja. Waliosoma kozi zenye kurasa zaidi ya 40 za kusoma kwa wiki na kurasa zaidi ya 20 za kuandika kwa muhula ndio walioendelea zaidi. Kwa hiyo chuo kikikuahidi fikra tunduizi, uliza binti ataandika kurasa ngapi kwa muhula, na nani atazisoma. Kozi ambayo mtihani wake wote ni wa kuchagua A, B, C au D inaweza kupima mambo fulani vizuri sana, ila uwezo wa kujenga hoja haumo.

Hapo kuna suala la vitenzi. Tangu Benjamin Bloom na wenzake walipopanga ngazi za kujifunza mwaka 1956, ngazi zilizokuja kurekebishwa mwaka 2001, walimu hugawanya malengo kuanzia kukumbuka na kuelewa, kupitia kutumia na kuchambua, hadi kutathmini na kubuni. Ukurasa wa malengo karibu kila mahali umejaa vitenzi vya juu. Kuandika "atatathmini" hakugharimu kitu. Teremka kwenye mitihani uone kama kitenzi hichohicho kipo, au kimegeuka "taja" na "eleza".

Tuchukue lengo moja ambalo sina shaka limo kwenye vitabu vyote vitatu: mhitimu ataweza kuchambua taarifa za fedha na kuutumia uchambuzi huo kufanya uamuzi. Unaweza kulipima hivi: "Taja na ueleze aina tano za uwiano wa kifedha." Mwenye madesa mazuri anavuna alama zote, na baada ya likizo hakumbuki hata uwiano mmoja. Au unaweza kulipima kwa njia nyingine, na hii nitakueleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha jibu langu.

Mwanafunzi anapewa kampuni. Mwaka jana iliuza bidhaa za 400, mwaka huu 500. Weka milioni za fedha yoyote uitakayo. Faida ya mwaka huu ni 40. Wadaiwa, yaani wateja waliochukua mali na hawajalipa, wamepanda kutoka 60 hadi 130. Mali iliyolala ghalani ilikuwa ya 50, sasa ni ya 80. Wasambazaji wanaidai kampuni 45, mwaka jana walikuwa wanaidai 40. Uchakavu, kodi na mengineyo tuyaweke pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Meneja anataka kukopa benki anunue mashine ya pili, kwa sababu anasema biashara inakua. Kazi ya mwanafunzi: mwandikie meneja barua ya ukurasa mmoja umshauri.

Mwanafunzi ambaye hajafika anampongeza meneja kwa mauzo kupanda kwa asilimia 25, anamwaga fomula, anaunga mkono mkopo. Wa katikati anaona kwamba faida ni 40 lakini wadaiwa wamemeza 70 na ghala limemeza 30, wasambazaji wamesaidia 5 tu kwa kusubiri malipo yao, kwa hiyo kampuni yenye faida imepungukiwa fedha taslimu 55. Vizuri sana, ila anaishia hapo.

Aliyelifikia lengo anaendelea kuchimba. Anagawanya wadaiwa kwa mauzo ya mwaka, anazidisha kwa siku 365. Mwaka jana wateja walilipa kwa wastani wa siku 55, mwaka huu wanachukua siku 95. Wangeendelea kulipa kwa kasi ya mwaka jana, wadaiwa wangekuwa 75 badala ya 130. Tofauti ni 55, sawasawa na pengo lote la fedha taslimu. Sasa picha imebadilika. Huenda mauzo yale yaliyoongezeka yamepatikana kwa kuwalegezea wateja masharti ya malipo, na mkopo wa mashine utaziba pengo ambalo si la mashine. Anamshauri meneja asiende benki kwanza, apitie orodha ya wadaiwa mmoja mmoja ajue nani halipi na kwa nini. Na yule aliye bora kabisa anaongeza swali ambalo wachache hulinusa: kama mali imezidi kujaa ghalani, mashine ya pili ya kuzalishia nini?

Umeona tofauti? Mada ni ileile, kitabu ni kilekile, lakini ni kazi hii ya pili tu inayokwambia kama lengo limefikiwa. Na ili isahihishwe kwa haki lazima pawe na rubriki, yaani jedwali la vigezo linaloeleza mapema kazi dhaifu, ya wastani na nzuri zinafananaje. Kwa barua hii ningeweka vigezo vinne: hesabu ni sahihi, namba zimeunganishwa na sababu, kuna uamuzi ulio wazi na hatari zake zimetajwa, na barua inaeleweka kwa mtu asiye mhasibu. Walimu wawili wakiisahihisha bila kushauriana, alama zao zisipishane sana. Zikipishana, tatizo liko kwenye vigezo au kwa walimu, na mwanafunzi hahusiki.

Wazazi wengi huniuliza kwa nini alama za kawaida hazitoshi. Alama ya kozi ni mchanganyiko. Ndani yake kuna mahudhurio, testi, kazi za nyumbani, mtihani, na wakati mwingine huruma. Binti akipata 68 kwenye usimamizi wa fedha, namba hiyo haikwambii kama anakokotoa vizuri ila hawezi kushauri, au anashauri vizuri ila hesabu zinamtoka. Rubriki inakwambia. Kuna pia mitihani sanifu, kama ule wa biashara uliotungwa na shirika la mitihani la ETS la Marekani, wenye maswali 120 ya kuchagua jibu kuanzia uhasibu hadi sheria, ambao baadhi ya vyuo huutumia kulinganisha wanafunzi wao na wa vyuo vingine. Unafaa kupima upana wa maarifa. Haufai kupima kama mtu anaweza kuiandika barua ile.

Kitu cha kuomba baada ya kazi na rubriki ni ramani ya mtaala. Ni jedwali tu: kozi zinashuka upande mmoja, malengo yanapita juu, na kila kisanduku kinaonyesha kama lengo linaanzishwa hapo, linakuzwa, au linapimwa kwa mara ya mwisho. Nikiona jedwali ambalo kila kisanduku kimewekwa alama ya vema, najua limejazwa usiku mmoja kabla wakaguzi hawajafika. Kozi haiwezi kukuza malengo tisa kwa mara moja. Jedwali la kuaminika lina mapengo, na lina mwendo: uandishi unaanzishwa mwaka wa kwanza kwa memo fupi, unakuzwa kwenye sheria na masoko, unapimwa kwenye mradi wa mwisho. Tafuta hasa lengo linalotokea mara moja tu, tena kwenye kozi ya hiari. Hilo limeandikwa kwa ajili ya wakaguzi.

Nisikawie kwenye "mtazamo wa kimataifa". Sehemu nyingi maana yake ni kozi moja ya biashara ya kimataifa na picha yenye bendera nyingi. Kama kuna mafunzo ya lugha au muhula wa kubadilishana wanafunzi, uliza ni wangapi hasa huenda na nani hulipia.

Kufanya kazi na wenzako, hapo nina mengi ya kusema. Hakuna lengo linalopimwa ovyo kama hili. Kikundi cha watu watano kinaandika ripoti moja, kinapewa alama moja, na chuo kinajihesabu kimepima ushirikiano. Kilichopimwa ni ripoti. Kila aliyepita chuoni anajua mambo yanavyokwenda: wawili wanafanya kazi, mmoja anaipanga ionekane nadhifu, wawili majina yao yanatokea kwenye jalada. Mwenye bidii anajifunza kubeba mizigo ya wenzake, mvivu anajifunza kwamba inalipa, na wote wanaondoka na 74. Programu inayolichukulia jambo hili kwa uzito inafanya mambo tofauti. Inafundisha kwanza kuongoza kikao, kugawana kazi na kuandika maazimio. Inawataka wanakikundi waandike makubaliano mwanzoni, nani atafanya nini na asipofanya itakuwaje. Inawaruhusu kupimana wao kwa wao, na vipimo hivyo vinagusa alama kweli. Mwishoni mhadhiri anamchagua yeyote amweleze sehemu ambayo hakuiandika. Uliza kwenye kila chuo: mwanakikundi asipofanya kitu, nini humpata? Jibu likiwa "wanafunzi humalizana wenyewe", umeshajua.

Maadili yana mjadala wake wa siku nyingi: yawe kozi inayojitegemea, au yasambazwe ndani ya kozi zote? Mimi nasimama na wanaosema vyote viwili, kwa sababu kozi peke yake huyafanya maadili kuwa somo la kukariri, na kuyasambaza bila mwenye jukumu huyafanya yayeyuke. Ishara nzuri ni pale suala la maadili linapojitokeza ndani ya kazi bila kutangazwa. Kazi ya masoko inamtaka mwanafunzi apange kampeni kwa kutumia data za wateja, na mezani wamewekewa namba za simu za watu ambao hawakuridhia zitumike. Je, ataliona au atapanga kampeni tu?

Kuhusu mawasiliano, usidanganywe na idadi ya prezentesheni. Mtu hawezi kujifunza kuzungumza kwa kusimama mara nyingi mbele ya darasa lililochoka. Anajifunza akiambiwa kilichokosekana, kisha akapewa nafasi ya kurudia. Uliza kama kazi za kuandika hurudishwa zikiwa na maoni na kama mwanafunzi anaweza kuandika rasimu ya pili. Vyuo vyenye wanafunzi 300 kwenye ukumbi mmoja hupata taabu hapo, na si kosa la mhadhiri. Mwalimu mmoja hawezi kusoma barua 300 kwa makini kila wiki, hivyo uliza kama kuna semina za vikundi vidogo.

Tangu programu za akili mnemba zinazoandika kama mtu zianze kupatikana kwa kila mwanafunzi, kazi ya nyumbani imepungua nguvu kama ushahidi. Ile barua ya meneja inaweza kuandikwa kwa sekunde chache, tena kwa lugha safi. Vyuo vilivyoamka vinaongeza mahojiano mafupi baada ya kazi: umeandika siku 95, zimetokana na nini? Na wateja wakilipa kesho, ushauri wako unabadilika? Chuo ambacho bado kinapima malengo yake yote kwa kazi za kupeleka nyumbani kinajipima chenyewe vibaya.

Linabaki lile la tatu katika vitu nilivyotaja mwanzo, na ndilo gumu kuliko yote: kubadilika. Tuseme walimu wamesahihisha barua zile wakakuta wengi wanakokotoa vizuri lakini hawatoi uamuzi. Wafanye nini? Wanaweza kuongeza kisa mafunzo kimoja chenye uamuzi kwenye kozi ya uhasibu ya mwaka wa pili, wapime tena mwakani, walinganishe. Hiyo ndiyo kazi yote ya malengo ya kujifunza. Mengine ni makaratasi. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kumuuliza mkuu wa programu swali moja tu, muulize: mara ya mwisho matokeo ya upimaji yaliwafanya mbadilishe nini? Anayeishi na jambo hili atajibu papo hapo, tena ataanza kulalamika jinsi wenzake walivyobisha. Akikwambia "sisi tuna ithibati", tabasamu, uulize tena. Ithibati inamaanisha kwamba wakaguzi walikuta utaratibu upo. Ni jambo jema, na kati ya chuo chenye nayo na kisicho nayo ningeanza na chenye nayo, lakini wapo wanaoufuata utaratibu kwa moyo na wapo wanaoujaza kama fomu ya kodi.

Maswali haya usiyapeleke kwenye dawati la udahili, maana pale kazi yao ni kujaza nafasi. Nenda idarani. Omba muhtasari wa kozi mbili, moja ya mwaka wa kwanza na moja ya mwisho, swali la mradi wa mwisho la mwaka uliopita, na rubriki yake. Hivi si siri. Kama ukipata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, bora zaidi: muulize malengo ya programu yake ni yapi. Wengi hawatayajua kwa majina na hilo si kitu. Muulize badala yake ni kazi ipi ilimtoa jasho na alijifunza nini. Akianza kusimulia kwa kirefu, chuo hicho kina kitu.

Na kama mradi wa mwisho ni ule mchezo wa kompyuta ambao vikundi huendesha kampuni za kubuni na kushindana sokoni, uliza wanafunzi huandika nini baada ya mchezo. Unafundisha vizuri kuona jinsi bei, uzalishaji na fedha vinavyovutana. Tatizo ni kwamba baada ya muda hila za mchezo hujulikana, na anayeshinda huwa ni aliyezirithi kwa kaka yake. Maelezo ya maandishi ya kila uamuzi ndiyo yanayookoa jahazi.

Sasa swali lako la pili. Usimsukume, angalau bado. Kwenye programu nyingi mwaka wa kwanza wa biashara ya jumla na ule wa uhasibu hukaribiana: uhasibu wa awali, uchumi, takwimu, sheria, misingi ya uongozi na masoko. Uliza kila chuo mwisho wa kubadilisha mchepuo ni lini, na kama kubadilisha kunamrudisha nyuma muhula. Chuo kinachomruhusu kuamua baada ya mwaka mzima kina thamani kubwa kwa mtoto ambaye bado hajajijua.

Halafu kuna mambo mawili ambayo wazazi huyachanganya. Kwanza, uhasibu si maficho ya mtu mwenye haya. Mkaguzi wa hesabu hushinda anawauliza watu maswali wasiyoyapenda kuhusu risiti zao, na mhasibu wa kampuni huitwa kwenye kikao kueleza kwa nini faida imeshuka mbele ya watu wenye hasira. Haya ya binti inashughulikiwa na programu inayomzoesha kidogo kidogo, leo semina ya watu wanane, mwakani jopo la walimu watatu. Kwa hiyo kwake yeye lile suala la semina ndogo na rasimu ya pili linapaswa kuwa juu kwenye orodha yako, mchepuo wowote atakaochukua.

Pili, ni hesabu gani anayoipenda? Hesabu za uhasibu ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ugumu wake uko kwenye kanuni na kwenye uamuzi wa muamala upi uingie wapi na lini. Kama kinachomvutia ni aljebra na uwezekano, fedha au uchanganuzi wa data za biashara vitamshika zaidi. Kama anapenda vitu viwe mahali pake na jumla zikubaliane, uhasibu utamfaa, na hapo ulizia mitihani ya bodi za kitaaluma ambayo shahada ile itamsamehe, maana vyuo hutofautiana sana katika hilo na tofauti hiyo ni muda na fedha.

Unaweza kumpima nyumbani. Mpe ile kampuni yenye faida ya 40, umpe na kalamu, usimwambie jibu. Akishughulika zaidi na kuhakikisha ile 55 inapatikana bila kosa, mwelekeo wake umeuona. Akiziacha namba nusu akaanza kukuuliza wateja hao ni akina nani na kwa nini wameacha kulipa, mwandikishe biashara ya jumla, achukue kozi zote za fedha zitakazopatikana.